Miaka Sita ya Kusoma Historia Nikiwa Tanga

Nilijiandikisha kusoma shahada ya kwanza ya historia mwaka 2011, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, mama wa watoto watatu, na mtu ambaye kwa karibu miaka 10 alikuwa hajafungua kitabu chochote isipokuwa vile vya kiada alivyokuwa akifundishia. Nilihitimu mwaka 2017. Shahada ambayo mwanafunzi anayekaa bwenini huimaliza kwa miaka mitatu ilinichukua miaka sita, na katika miaka hiyo niliahirisha masomo mara moja, nikashindwa somo moja, na nikalazimika kujifunza upya namna ya kusoma na namna ya kujibu swali. Walimu wenzangu wanaotaka kuifuata njia hii huniuliza mara kwa mara ilikuwaje, nami huwajibu kwa haraka tukiwa mlangoni mwa ofisi, kengele ikiwa imekwisha kulia. Nimekaa sasa niyaeleze kwa utaratibu.

Chuo nilichosoma ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makao makuu yake yako Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na kituo cha Tanga ndicho kilichokuwa mlango wangu: hapo nilijisajili, hapo nilifanya mitihani, na hapo nilikutana na wahadhiri katika vipindi vichache vya ana kwa ana. Siku nyingine zote nilikuwa na vitini vyangu nyumbani. Sikuichagua njia hii kwa sababu niliipenda kuliko nyingine. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili, mume wangu alifanya kazi ya zamu bandarini, na mshahara wangu ulikuwa unategemewa pia na wazazi wangu walioko Pangani. Mume wangu ndiye aliyenisukuma. Aliniambia, "Mama Salma, ukingoja watoto wakue, utangoja pia wajukuu wakue." Kesho yake nikaenda kuchukua fomu.

Miezi minne ya mwanzo ilipotea bure kwa sababu nilisoma usiku. Nilikuwa nikifungua kitini saa 4 usiku, watoto wakiwa wamelala, nikasoma ukurasa mmoja mara tatu na bado nisiweze kusema ulihusu nini. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa katika mgao wa umeme, kwa hiyo mara nyingi nilisoma kwa kandili, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya joto na mbu wakiingia watakavyo. Mama alikuja kututembelea kutoka Pangani, akanikuta nimesinzia juu ya daftari. Hakunilaumu. Alisema, "Lala, mwanangu. Mimi nitakuamsha saa ninayoamka mimi." Mama yangu huamka saa 10 alfajiri tangu nilipopata fahamu zangu. Aliniamsha kwa muda wa majuma mawili aliyokaa kwetu, na aliporudi kwake mwili wangu ulikuwa umekwisha kuizoea saa ile. Kuanzia hapo, kwa miaka yote iliyobaki, nilisoma kuanzia saa 10 mpaka adhana ya alfajiri, siku sita za juma. Ni kama saa moja na nusu tu kwa siku, lakini ukiijumlisha kwa mwaka mzima inapita saa 400, na ni saa ambazo hakuna mgeni anayebisha hodi, hakuna mtoto anayetafuta soksi, na akili haijaguswa na jambo lolote la siku hiyo. Mtu akiniuliza leo aanze na nini, sitamwambia anunue vitabu wala kompyuta. Nitamwuliza kwanza ni saa gani katika siku yake ambayo hakuna anayemhitaji.

Ugumu wa pili ulikuwa lugha. Vitini viliandikwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nilikijua cha kutosha kufundishia darasa la tano, si cha kufuatilia hoja inayoanza ukurasa wa 12 na kuishia ukurasa wa 30. Nilianza kwa kunakili sentensi nzima nzima kwenye daftari, nikiamini kwamba nikiwa nazo nimezielewa. Baadaye nilibadili utaratibu. Kila nilipomaliza sehemu nilifunga kitini, nikaandika kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ningemwambia jirani yangu barazani, mwandishi amesema nini na ametegemea nini kusema hivyo. Nilipokwama kuandika kwa Kiswahili, nilijua kwamba sikuelewa, hata kama Kiingereza chake nilikuwa nimekikariri. Nilijaza madaftari 11 kwa namna hii na bado ninayo. Wapo waliosema kwamba ninajichelewesha, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza. Mimi naona kwamba bila ya madaftari yale nisingehitimu kabisa, kwa sababu mtu hawezi kuandika vizuri kwa lugha yoyote jambo ambalo hajalifikiri vizuri kwa lugha yake.

Somo nililoshindwa lilikuwa historia ya Ulaya, katika mwaka wa pili. Swali lilitaka tujadili kama Ujerumani peke yake ndiyo ya kulaumiwa kwa kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza. Nililifurahia swali lile nilipoliona. Niliandika kurasa sita, kuanzia kuungana kwa Ujerumani mwaka 1871, nikapita kwa Bismarck na mikataba yake, nikaeleza mashindano ya makoloni na ya manowari, nikamalizia na mauaji ya Sarajevo ya tarehe 28 Juni 1914. Nilitoka chumba cha mtihani nikiwa na uhakika. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshindwa, na nililia, kwa sababu sikuona kosa langu lilikuwa wapi.

Aliyenionyesha kosa hilo alikuwa mwanafunzi mwenzangu, askari polisi wa makamo ambaye naye alikuwa akisoma kwa njia hiyo hiyo. Tulikuwa wanne tuliokutana kila Jumamosi mchana: yeye, mimi, muuguzi mmoja na karani wa forodha. Tulikutana katika Maktaba ya Mkoa, jengo lililojengwa wakati wa Waingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, lenye kuta nene na upepo wa bahari unaoingia mchana. Nilimwandikia upya jibu langu kama nilivyolikumbuka, akalisoma lote taratibu, kisha akasema, "Dada, umeandika mengi, na yote ni kweli. Lakini aliyekuuliza ametaka kujua njia ya kwenda Pangani, wewe umemsimulia mji wa Tanga." Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeeleza yote niliyoyajua kuhusu vita, lakini hakuna mahali ambapo nilisema Ujerumani ilaumiwe au isilaumiwe, kwa kiasi gani, na kwa ushahidi upi kati ya huo nilioutaja. Shule tulizosoma zilitufundisha kwamba anayejua mengi ndiye anayefaulu. Mtihani wa chuo kikuu ulitaka kuona ninaamuaje kati ya mambo ninayoyajua. Tangu siku ile, kabla ya kuandika jibu lolote niliandika kwanza sentensi moja juu ya karatasi, yenye jibu langu kamili, na kila aya niliyoiandika baadaye niliipima kwa sentensi ile. Nilirudia mtihani baadaye nikafaulu.

Tulilifanyia mazoezi jambo hili kwa vita vilivyopiganwa katika mitaa yetu wenyewe. Novemba 2014 ilikuwa miaka 100 tangu Vita vya Tanga, na karani wa forodha alipendekeza kila mmoja wetu aandike kwa nini Waingereza walishindwa. Karibu kila mtu hapa mjini ana jibu: ni nyuki. Mimi nimelisikia tangu utotoni. Tuliposoma zaidi tuliona kwamba meli ya kivita ya Uingereza ilifika tarehe 2 Novemba 1914 na kuutaka mji usalimu amri, kwa hiyo Wajerumani walipata muda wa kujiandaa. Kwamba kikosi kilichotoka India kilikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao hawajazoea nchi wala kuzoeana, nao walishukia Ras Kazone na kupita katika vichaka na mashamba wasiyoyajua. Na kwamba kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ambaye hakuwa na zaidi ya watu 1,000 hivi, aliweza kuleta askari kutoka upande wa Moshi kwa reli ambayo ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Mapambano makubwa yalikuwa tarehe 4, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini na kuacha silaha na risasi nyingi. Nyuki walikuwapo kweli, lakini waliwauma askari wa pande zote mbili. Jibu langu lilikuwa kwamba reli na zile siku mbili za kungoja zilifanya kazi kubwa kuliko nyuki, na bado nalishikilia.

Jambo lililonisumbua zaidi katika zoezi lile, hata hivyo, halikuwa nyuki. Katika maelezo yote niliyoyasoma nilipata majina ya makamanda, ya manowari, hata ya maofisa wadogo wa Kizungu, lakini nilipotafuta waliokuwa wakiishi Tanga wakati ule, wanawake waliokimbia na watoto wao usiku, askari wa Kiafrika waliopigana kwa upande wa Wajerumani, wapagazi waliobeba mizigo, niliwakuta kwa jumla jumla, kama idadi au bila hata idadi. Niliandika swali hilo pembeni mwa daftari langu la saba kisha nikaliacha hapo, kwa sababu wakati ule sikujua la kulifanyia.

Mwaka 2013 ulikuwa umepita bila masomo. Baba yangu aliugua na kufariki dunia, nami niliahirisha masomo kwa mwaka mzima, kwanza kwa uchungu, kisha kwa sababu fedha za ada zilikwisha kwenye matibabu na shughuli za msiba. Nilirudi kwa msaada wa upatu wa walimu kumi wa shule yetu: nilimwomba kijumbe anipangie zamu ya kupokea iangukie mwezi wa kulipa ada, na wenzangu wote wakakubali kunipisha bila kuniuliza maswali. Nawashukuru mpaka leo. Kuhusu kuahirisha, nasema tu kwamba ni bora kuandika barua rasmi ya kuahirisha kuliko kupotea kimya kimya, kwa sababu anayepotea kimya huona haya kurudi. Niliwaona wawili waliopotea hivyo, na wote wawili walikuwa na akili kunishinda.

Nikirudi kwenye historia yenyewe: ninaamini kwamba kusoma nikiwa Tanga kulinipa kitu ambacho nisingekipata bwenini. Nilikuwa nimekulia Pangani nikisikia habari za Bushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani na aliyenyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bibi yangu alisimulia habari zake kama za mtu wa ukoo, ingawa hatukuwa na undugu naye. Kumbe Wajerumani waliyaita mapambano yale uasi wa Waarabu, na jina hilo liliwafaa: Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha fedha za kumtuma ofisa wao Wissmann kwa maelezo kwamba anakwenda kupambana na biashara ya watumwa. Lakini watu wa mji, Waswahili na watu wa bara waliokuwa wakishuka pwani kwa biashara, walikuwa wamechukizwa na kampuni ya Kijerumani kwa sababu zao wenyewe, na bibi yangu asiyejua kusoma alizijua sababu hizo. Katika kitini kimoja nilikutana na Emil von Zelewski, ambaye Agosti 1888 alikuwa ndiye mtu wa kampuni hapo Pangani na ambaye ujeuri wake ulichangia kuwasha moto ule. Nilipogeuza kurasa hadi sura ya Wahehe nilikuta jina lile lile: Zelewski aliyeuawa na jeshi la Mkwawa kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambaye watu walimwita Nyundo. Nilikuwa nimefundisha habari hizo mbili kwa miaka mingi kama mada mbili zisizohusiana. Ilikuwa yapata saa 11 alfajiri, na nilimwamsha mume wangu kumweleza.

Nilijifunza pia kwamba watu wa upande wetu walikuwa wakiandika historia kwa Kiswahili kabla hata ya kuwapo somo la historia shuleni. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya mapambano hayo hayo ya pwani. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na watawala wa Kilindi, ukoo uliotawala Usambara, aliandika Habari za Wakilindi, iliyochapishwa na wamisionari wa Magila, huko Muheza. Humo imo habari ya Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Unguu na kuwa mtawala wa Usambara. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kujua tu kama ni kweli. Msimamizi wangu wa utafiti, tuliyewasiliana naye kwa simu na barua pepe, alinifundisha kuuliza zaidi ya hapo: ni nani aliyesimulia, alimsimulia nani, wakati gani, na watawala walifaidika vipi na masimulizi hayo. Kila nilipomtumia sura aliirudisha ikiwa na neno moja limeandikwa pembeni karibu kila ukurasa: "Umejuaje?" Mwanzoni lilinichosha. Kisha nikaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaniuliza, na hapo kazi yangu ikaanza kusimama. Anayesoma darasani husikia swali hilo kutoka kwa mhadhiri na kwa wenzake wanaonyoosha mikono. Anayesoma peke yake hana budi kulibeba mwenyewe kila alfajiri.

Utafiti wangu ulihusu manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kila mtoto aliyesoma Tanga anajua kwamba mkonge uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, na kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Hesabu ya miche tunayo. Waliokata majani, waliofunga matita, waliosimama kwenye korona, mashine za kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, kutwa nzima maji yakiwachuruzika, tunawajua kwa jina hilo moja tu la manamba, lililotokana na namba walizopewa walipoandikishwa. Lile swali la daftari la saba lilikuwa limepata pa kwenda.

Niliongea na wazee tisa wa Muheza na Korogwe, kati ya mwaka 2015 na 2016, wakati wa likizo. Mmoja alikuwa Muha wa Kasulu, aliyepita miaka 80, ambaye alikuja kijana baada ya "vita vya Hitla", akaoa Mbondei, na hakurudi kwao tena kuishi. Nilipomwamkia shikamoo kwa mara ya kwanza aliitikia marahaba, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza nani amenituma. Nilimwambia sikutumwa, ninasoma. "Unasoma mimi?" akauliza. Nilimjibu ndiyo, nasoma habari zenu, na akamwagiza mkewe alete kiti kingine.

Alinieleza jinsi wakala wa Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa mwaka 1944, alivyofika kwao na blanketi na ahadi. Alieleza kipande, yaani kadi ya kibarua, chenye siku 30 za kazi, ambacho mtu asipokijaza halipwi, na jinsi siku ambayo kazi aliyopangiwa haikukamilika ilivyohesabiwa kuwa haikufanywa. Alisema kwamba walipanda treni Kigoma na kushuka Korogwe. Niliandika hivyo hivyo, na usiku ule, nilipokuwa nikinakili, lile swali la msimamizi likanijia. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa miaka ile. Kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963. Mzee asingeweza kuja Korogwe kwa treni tu kabla ya Uhuru.

Ningeweza kuifuta sentensi ile au kumwona mzee kuwa msimulizi asiyeaminika. Nilirudi Muheza nikamwomba anisimulie safari ile tena, kituo kwa kituo. Alipofika Morogoro alinyamaza, akafikiri, kisha akasema kwamba pale walishushwa na kupakiwa kwenye lori, na kwamba mwenzao mmoja alitapika njia nzima. Safari ya treni mpaka Korogwe aliifanya baadaye, alipokwenda kwao kumzika mama yake na kurudi. Kumbukumbu yake ilikuwa imeziunganisha safari mbili kuwa moja. Nilijifunza kutoka kwake, kuliko katika kitini chochote, kwamba kosa la msimulizi nalo ni habari, na kwamba tarehe ya kwenye kitabu hutumiwa kumsaidia mzee akumbuke, si kumnyamazisha. Kuhusu namba yake aliitaja bila kusita, miaka karibu 70 baada ya kupewa. "Nyapara hakuwa na haja na jina langu," alisema. "Akiita namba, unaitika."

Mzee alifariki dunia mwishoni mwa mwaka 2016, kabla sijamaliza kuandika. Utafiti ulipokelewa, mitihani ya mwisho nikaifaulu, na mwaka 2017 nilivaa joho, mama yangu akiwa amekaa mbele kabisa kwa sababu alifika ukumbini saa mbili kabla ya watu. Nasikia watu wakisema kwamba shahada ya historia haina kazi. Mimi imenipandisha daraja na mshahara, na nawaheshimu wanaouliza hilo kwa sababu ada ni fedha nyingi. Lakini nilipokuwa natembea kupokea shahada ile sikuwa nikifikiria mshahara.

Mwezi uliofuata nilichapisha nakala ya utafiti, nikaijalidi, nikaipeleka Muheza kwa mjane wa mzee. Bibi aliipokea kwa mikono miwili na kumpa mjukuu wake aliyekuwa kidato cha tatu, kwa kuwa yeye hasomi Kiingereza. Kijana alianza kufungua kurasa akimtafuta babu yake. Alitafuta kwa muda, nikamwonyesha mahali. Alisoma kimya kimya, kisha akamgeukia bibi yake.

"Bibi, babu hayumo kwa jina," alisema. "Hapa ameandikwa Msimulizi Namba 4."

Nilikuwa nimefuata utaratibu wa kuficha majina ya waliohojiwa ili wasidhurike, na ni utaratibu mzuri ambao umewalinda watu wengi. Lakini utaratibu ule ule unamruhusu msimulizi kuchagua jina lake litajwe, na mimi sikumwuliza. Katika mazungumzo yetu yote, nikiwa na maswali 32 niliyoyapanga kwa makini, hilo sikumwuliza. Nilitaka kumweleza bibi habari za utaratibu nikaona maneno hayanitoki. Yeye ndiye aliyesema kwanza, kwa upole wa watu wa kwetu, "Haiwezekani likaandikwa sasa, mwalimu?"

Nilitoa kalamu kwenye mkoba. Nilikaa mkekani pamoja na kijana, yeye akinitafutia kurasa, mimi nikikata ile namba kwa mstari na kuandika juu yake majina ya babu yake, yote matatu, kila mahali ilipotokea. Tulipomaliza bibi aliomba niandike na kijiji alichotoka mumewe, huko Kasulu. Nilimwomba alitamke jina la kijiji hicho polepole, mara mbili, kisha nikampa kijana daftari aniandikie kwanza pembeni, nisije nikalikosea.